Sifa za Njia Isiyo na Shehena

Aghalabu watu huyasifu mambo yasiyo na haja ya kusifiwa. Asali imesifiwa, nayo ingekuwa tamu hata lau ndimi zote zingenyamaza. Mwezi umesifiwa mpaka sifa zake zimechuja. Na wafalme, wakiwemo wale ambao raia wao waliomba usiku na mchana waondokewe nao, wamesifiwa na malenga waliokula katika sinia zao. Walakini kazi yenye adha, isiyo na ujira wala hadhira, ambayo mtu huifanya usiku wa manane huku nyumba nzima imelala, na ambayo kulipokucha hawezi kumweleza jirani yake hasa amefanya nini, kazi ya namna hiyo haijapata wakili. Nimeona ni wajibu nijitwike uwakili huo, na mteja wangu ni shughuli ya kupanga njia za pakiti baina ya kompyuta kongwe katika mtandao wa waraibu.

Nisije nikadhaniwa nasifu kitu cha kubuni, nitautaja mtandao wenyewe. Unaitwa HECnet. Chimbuko lake ni Uswidi, katika klabu ya kompyuta ya Update mjini Uppsala, na nyuzi zake zimetambaa mpaka nchi nyingine za Ulaya na mpaka Marekani, kutoka chumba cha chini cha mtu mmoja hadi banda la gari la mwingine. Mashine zinazotunzwa humo, kwa sehemu kubwa, ni kizazi cha kampuni ya Digital Equipment Corporation, ambayo Ken Olsen na Harlan Anderson waliianzisha mwaka 1957 ndani ya kiwanda kikuukuu cha sufu mjini Maynard, Massachusetts. Kampuni iliyotoa PDP-11 mwaka 1970 na VAX mwaka 1977, ikawa na fakhari ya kutajwa mara tu baada ya IBM, kisha ikanunuliwa na Compaq mwaka 1998, nayo Compaq ikanunuliwa na Hewlett-Packard mwaka 2002, hata leo jina lake husomwa zaidi kwenye vibao vya makabati ya chuma kuliko penginepo. Si kila mraibu ana kabati hilo. Wengi wana programu iitwayo SIMH, iliyoasisiwa na Bob Supnik, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa wakuu wa Digital, nayo humwezesha mtu kuwa na VAX nzima ndani ya kibao cha kompyuta kinachoenea kiganjani. Iwe ya chuma au ya kuigizwa, mashine hizo husemezana kwa itifaki ya DECnet, iliyozaliwa mwaka 1975, ikapanda daraja moja baada ya jingine mpaka daraja la nne, la mwaka 1982, lililoipokea Ethernet na kuugawa mtandao katika maeneo. Lipo daraja la tano, lililokuja baadaye na kuahidi makubwa. Waraibu wengi wamelikaribisha kwa adabu na kuliacha nje.

Fadhila ya kwanza ya njia hizi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mama wa fadhila zake zote, ni kwamba hazina shehena. Barabara nyingine za dunia hujengwa kwa sababu ipo pamba ya kufikishwa bandarini, au askari wa kufikishwa vitani, na kwa hiyo mwenye kuisifu barabara hajui kama anasifu lami au anasifu faida. Hapa fitina hiyo haipo. Mtu hutumia juma zima kuifungua njia, na siku ifunguliwapo huandika amri ya SET HOST, akafikishwa kwenye mashine iliyo Uppsala, akaulizwa jina lake, akatazama ni nani mwingine aliyemo, akasoma orodha ya nodi, yaani mashine za mtandao huo, zinazofikika, akaridhika, akaaga. Wapo wanaopelekeana barua fupi na mafaili ya programu, sikatai. Lakini kila mmoja wao anayo barua-pepe ya kisasa ambayo ingefika upesi zaidi, naye anajua hivyo, na ndiyo maana barua yenyewe mara nyingi haina habari nyingine ila kwamba njia sasa inapitika. Je, si huu ndio usafi ambao wanafalsafa waliutafuta, kazi inayofanywa kwa ajili ya kazi, isiyotiwa doa na haja?

Tazama pia kiasi chake. Intaneti ilianza na anwani zaidi ya bilioni 4, ikazila zote, ikalazimika kuagiza nyingine ndefu ambazo hapana binadamu awezaye kuzitamka kwa pumzi moja. DECnet hutosheka na biti 16, ikazigawa kwa insafu: 6 kwa eneo na 10 kwa nodi. Kwa hiyo yapo maeneo 63, na katika kila eneo nodi 1,023, jumla 64,449, na baada ya hapo mlango umefungwa. Jina la nodi nalo halizidi herufi 6, na kila mashine huweka daftari lake la majina, ambalo halilazimiki kulitii daftari la mashine nyingine yoyote. Nodi moja yaweza kuitwa hivi kwangu na vile kwako, na sote wawili tukawa wakweli. Ipo amri ya kunakili majina yote kutoka katika mashine ya mwenzako, na wenye busara huitumia. Walakini mashine ya mwenzako nayo huenda ilinakili kutoka kwa mwingine, tangu mwaka juzi, na humo wamo wafu ambao hawakuzikwa.

Lakini anwani hizo fupi zina makuu yake. Kadi ya Ethernet hutoka kiwandani ikiwa na namba ya biti 48, iliyokusudiwa kuwa yake peke yake katika ulimwengu mzima. DECnet inapoamka huiweka namba hiyo kando na kuivisha kadi nyingine ya kutunga, ambayo huanza na AA-00-04-00, kisha ikafuata anwani ya nodi iliyopinduliwa, baiti ndogo mbele na kubwa nyuma. Chukua nodi 1.13: 1 mara 1,024, ongeza 13, ni 1,037, ambayo kwa hesabu ya msingi wa 16 huandikwa 040D, ipindue, na kadi sasa inaitwa AA-00-04-00-0D-04. Nia ya wabunifu ilikuwa njema kabisa, kwamba mashine ijue kadi ya mwenziwe kwa hesabu tu, pasipo kupiga kelele mtandaoni kuuliza nani ni nani. Matokeo yake ni kisima cha mashaka kisichokauka. Mashine yenye kadi mbili huzivisha zote mbili namba moja, na ole wake anayezichomeka katika waya mmoja. Kituo cha Wi-Fi, ambacho humsajili kila mtu mlangoni kwa namba yake, hakitaki kusikia habari za mgeni aliyebadili namba baada ya kuingia, nacho humnyamazia pasipo hata kumtukana. Na TCP/IP, ikiwa imetangulia kuamka ndani ya mashine hiyo hiyo, hujikuta imekwisha kuitangaza namba ambayo sasa si yake. Kwa sababu hiyo kanuni ya watunzaji wa VMS, mfumo endeshi wa VAX, ni kwamba DECnet ianzishwe kwanza, na TCP/IP, ambayo leo inaitawala dunia yote, isubiri nje mpaka mwenye nyumba amalize kuvaa. Sidhani ipo nyumba nyingine duniani ambamo mtawala huyo husubirishwa.

Kama ningeshurutishwa nichague adha moja tu ya kuisimamia mbele ya hakimu, ningewaacha hao wote na kuyachagua madaftari mawili ya NCP. Hiyo NCP ndiyo programu ambayo kwayo mtu huuamrisha mtandao wake, nayo ina kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya muda: ukiandika SET, amri hutekelezwa papo hapo, na mashine ikizimwa husahauliwa kabisa. Ya pili ni ya kudumu: ukiandika DEFINE, amri huhifadhiwa salama, lakini haitekelezwi mpaka mtandao uanzishwe upya. Ukitaka kuisoma ya kwanza utasema SHOW, ukitaka kuisoma ya pili utasema LIST, na hapana amri itakayokuambia kwamba mbili hizo zimekhitilafiana. Moja ni neno la barazani, lenye nguvu mpaka watu watawanyike. Nyingine ni hati ya kadhi, iliyofungiwa sandukuni, isiyomzuia mtu kufanya lolote hadi siku itakaposomwa.

Fikiri ni hekima kiasi gani imefichwa katika mpango huu. Mtu huisahihisha gharama ya sakiti, yaani bei aliyokiwekea kiungo chake, kwa SET, njia ikafunguka, akashukuru, akalala. Miezi ikapita. Umeme ukakatika, mashine ikaamka na ujinga wake wa zamani, na mwenyewe, ambaye amekwisha kusahau kwamba aliwahi kusahihisha chochote, akaanza upya tangu alifu, akijiuliza ni nani aliyemchezea. Mwingine, aliyeonywa juu ya msiba huo, hutumia DEFINE peke yake. Haoni badiliko, hudhani amekosea, hubadili kitu kingine, kisha kingine, na yote huandikwa kwa uaminifu. Mpaka siku anayoizima mashine ili afute vumbi, akiiwasha inayatii kwa pamoja mashauri yote aliyoyatoa alipokuwa amekata tamaa. Madaktari hutafuta dawa za kuifanya kumbukumbu ya binadamu isififie. Hapa mtu hufundishwa, bila malipo, kwamba yapo ya kukumbuka na yapo ya kutenda, na kwamba mwenye kutaka yote mawili huandika kila kitu mara mbili.

Sasa nije kwenye njia zenyewe. Mtu asiyejua hudhani kwamba ruta, mashine inayozielekeza pakiti, huiona ramani. La, haiioni. Ruta ya DECnet huambiwa na jirani yake kwamba “mimi namfikia fulani kwa gharama kadha na kwa hatua kadha”, nayo huongeza gharama ya sakiti iliyo baina yao, ikayapeleka maneno hayo kwa jirani wa pili. Na kati ya habari zote inazoletewa huamini ile iliyo rahisi kuliko zote. Waswahili walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi, na ingawa sidhani kuwa waliosema hivyo walikuwa wakiiwaza hesabu hii ya Bellman na Ford, hawakuipunguzia wala kuizidishia. Katika miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ulipokuwa ukitumia mbinu ya namna hii, mashine moja iliyokuwa Harvard iliharibika kumbukumbu, ikaanza kutangaza kwamba umbali kutoka kwake mpaka mahali popote ni sifuri; wenziwe wote wakaiamini, wakaanza kuimiminia pakiti zao, na pakiti zikaingia Harvard zisitoke. Wenye ARPANET waliiacha mbinu hiyo mwaka 1979. Daraja la nne la DECnet likatoka mwaka 1982 likiwa nayo mkononi. Wengine wataiita hiyo kuwa ni ukaidi; mimi naiita amana, kwa kuwa lau Digital isingeihifadhi, waraibu wa leo wangeupata wapi ugonjwa huo ukiwa hai?

Na ugonjwa huo huonekana vizuri zaidi penye msiba. Nodi ikifa, majirani wake hawafahamu mara moja. Ruta ya kwanza husema, “Mimi sifiki tena, lakini nasikia wewe unafika”. Ya pili, ambayo ilikuwa ikifika kwa kupitia ya kwanza, huthibitisha. Ya kwanza ikaongeza gharama na kutangaza. Ya pili ikaongeza juu yake. Na hivyo bei ya marehemu hupanda na kupanda, pakiti zikizunguka baina ya majirani wawili wakarimu, mpaka ufikiwe ukomo uliowekwa, ambao hauwezi kupita gharama 1,022 wala hatua 30, na hapo ndipo nodi inapotangazwa kuwa haifikiki. Wapo wasiostahimili, ambao hushusha ukomo huo ili kifo kithibitike upesi. Nao, kwa haraka yao, huwatangaza kuwa wamekufa watu walio hai kabisa, ambao kosa lao ni kukaa mbali.

Juu ya ruta za kawaida zipo zile za ngazi ya pili, ambazo kazi yake ni kuunganisha eneo na eneo. Ruta ya chini hujua watu wa eneo lake tu, na kila pakiti ya kwenda nje huitupia ile ya ngazi ya pili iliyo karibu, bila maswali zaidi. Mpango huu ni mwema kwa sharti moja, kwamba eneo lenyewe lisipasuke. Tuseme mraibu amepewa eneo zima kuwa lake, mashine moja akaiweka nyumbani kwake na nyingine nyumbani kwa wazee wake katika mji mwingine, kila moja ikiwa na ruta ya ngazi ya pili, na kiungo kilicho baina yao kikakatika. Ruta zote mbili zitaendelea kuutangazia ulimwengu kwamba eneo liko hapa. Pakiti inayotoka Uswidi itafuata iliyo karibu nayo, na ile ya Marekani itafuata iliyo karibu na Marekani. Na mashine ile ile moja itakuwa hai kwa nusu ya wanachama na maiti kwa nusu ya pili, kila upande ukiwa na ithibati za kutosha. Daraja la nne halina dawa ya kadhia hii wala halijawahi kudai kuwa nayo. Nimesoma mabishano mengi juu ya mambo ya ghaibu ambayo hayakuwa na ushahidi mzuri hivyo kwa pande zote.

Wala mtu asidhani kwamba maeneo haya hayakupata kuwa na uzito. Mwezi Oktoba 1989, katika siku ambazo chombo cha Galileo, chenye nishati ya plutoniamu, kilikuwa kikingoja kurushwa, programu ya hujuma iliyojiita WANK, iliyokuwa ikipinga mambo ya nyuklia, ilienea katika mitandao ya DECnet iliyounganisha mashine za NASA, ikiingia kwa nywila za kizembe. Na ndani yake mlikuwa na agizo la kulipita eneo 48 pasipo kuligusa, kwa kuwa hilo lilikuwa la New Zealand, nchi iliyokuwa imejitangaza kutotaka nyuklia. Tarakimu 2 ziliwakinga watu wa visiwani kuliko nywila zilivyowakinga wataalamu wa anga.

Nisisahau hisani yake katika kuunganisha watu. Waraibu wengi hawana waya wa kuvuka bahari, kwa hiyo hutumia daraja la programu (la kuvukia, si la cheo), linaloichukua fremu nzima ya Ethernet, likaifunga ndani ya pakiti ya UDP, likaitupa katika intaneti, nayo ikafunguliwa upande wa pili kana kwamba nyumba mbili zilizo katika mabara mawili zina waya mmoja. Nyumba zote hizo huwa mtaa mmoja, na salamu ambazo ruta hutoa, aghalabu kila sekunde 15, husikika kwa wote, kutwa kucha, na kila mmoja akijua nani yuko macho. Anayekosea kuandika anwani yake hukosea mbele ya mtaa mzima. Akichukua namba iliyo ya mwenziwe, wote wawili hupotea, na mtu aliye Stockholm hulazimika kumwandikia mtu asiyemjua aliye Ohio, kwa upole kadiri awezavyo, akimwuliza kama kwa bahati jana usiku aligusa kitu. Urafiki mwingi huanza na sababu duni kuliko hiyo. Na hapa ndipo ninapoona wivu kwa niaba ya mteja wangu: Radia Perlman, alipokuwa Digital mwaka 1985, alibuni mbinu ya kuzuia pakiti zisizunguke bila mwisho katika madaraja ya Ethernet, akaitungia shairi kwa mkono wake. Madaraja yana shairi. Njia hazina hata ubeti mmoja.

Zipo dalili kwamba thamani ya adha hii inapanda. Msimbo wa DECnet uliokuwamo katika kiini cha Linux uliondolewa katika toleo la 6.1, mwaka 2022, kwa kukosa mtu wa kuutunza, na hivyo mraibu aliyekuwa akitegemea kompyuta ya kawaida iwe ruta yake amelazimika ama kuganda na toleo la zamani, ama kutafuta programu nyingine, ama kununua ruta ya Cisco iliyochakaa, ambayo bado inakijua Kidigital cha daraja la nne na ambayo feni yake husikika mpaka kwa majirani. Wataalamu waliiona hatua hiyo kuwa ni usafi wa nyumba. Kwa waraibu ilikuwa ni baraka ya namna yake, kwani jambo lililokuwa na njia tatu za kuharibika sasa lina nne.

Vijana, ambao hawana subira na mambo haya, huuliza kwa nini wazee hao wasitumie TCP/IP na kupumzika. Jawabu ni kwamba wanaitumia. Pakiti ya DECnet haiwezi kutoka Uppsala ikafika Ohio pasipo kubebwa tumboni mwa pakiti ya IP, na kwa hiyo kila nyumba ina njia mbili za kupangwa, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na anwani zake, gharama zake na namna yake ya kufa, na mtoa huduma wa intaneti aweza kubadili anwani ya nyumba usiku pasipo kumwarifu mtu. Njia ikikatika, mraibu huwa na washukiwa wawili mahali ambapo watu wengine wote wana mmoja. Naye, kabla hajafungua NCP kutazama gharama za sakiti, hulazimika kwanza kumwuliza mkewe kama bili ya intaneti ya mwezi huu imelipwa.